Chupa ya Elfu Tisini

Kuna maswali ambayo mtu huona haya kuyauliza mbele za watu kwa kuwa yanafanana na uchoyo, na hili la chupa ya maji ni mojawapo. Je, ni sawa kutoa shilingi elfu tisini kununua chupa ambayo haina kitu ndani? Nyumbani kwetu aliyeliuliza kwanza ni mayu, mama yangu, tena bila haya yoyote. Mdogo wangu alikuwa ameiweka mezani, nyeusi, nzito, mfuniko wake una kishikio. Mama akaigeuza, akaigonga kwa kucha, akaipima uzito mkononi kama anavyopima kuku mnadani. "Elfu tisini," akasema taratibu, "na maji yake yako wapi?"

Tulicheka wote, na mdogo wangu alicheka kuliko sisi. Lakini kicheko kiliisha, swali likabaki, na nimekuwa nikilizungusha kichwani kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Wakati mwingine naona mama alikuwa sahihi kabisa. Wakati mwingine naona hakumtendea haki kijana wake. Kwa elfu tisini mtu wa kwetu anapata mbuzi, na mbuzi huzaa. Chupa haizai.

Mdogo wangu anafanya kazi Bulyanhulu, chini ya ardhi. Wasiopajua kwetu hudhani migodi yote ya dhahabu ni mashimo makubwa yaliyo wazi, kama lilivyokuwa lile la Buzwagi jirani na mji wa Kahama. Bulyanhulu si hivyo. Tangu mgodi huu ulipofunguliwa mwaka 2001, watu wanaingia ardhini kuufuata mwamba wenye dhahabu, na wameufuata hadi kina cha kilomita moja na zaidi. Kadiri unavyoshuka ndivyo mwamba unavyozidi kuwa na joto. Juu ya hilo kuna joto la mitambo, unyevu wa hewa, ovaroli, buti, kofia ngumu na taa. Hewa ya kupumua yenyewe inabidi isukumwe kutoka juu kwa feni kubwa. "Dada, maji ya uvuguvugu kule unayanywa kwa kujilazimisha," aliniambia. "Wewe hujawahi kushuka." Ni kweli, sijawahi. Na nimejifunza, tena polepole mno kwa mtu wa umri wangu, kwamba mambo mengi ninayoyaita anasa ni mambo ambayo tu sijawahi kufanya kazi mahali yanapohitajika.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilijaribu kulimaliza suala kwa hesabu. Chupa ndogo ya maji ya dukani, ile ya nusu lita, tunainunua kwa shilingi 500. Mtu akinunua moja kila siku ya kazi, siku 26 za mwezi zinakula shilingi 13,000. Chupa ya shilingi 90,000 basi inarudisha fedha yake kabla mwezi wa saba haujaisha, na baada ya hapo kila siku ni faida. Hesabu ilitoka vizuri mpaka nikajisikia nimeshinda ubishi ambao hakuna mtu aliyekuwa akinibishia.

Kisha nikaanza kuona nilichokiacha nje. Chupa ya plastiki ngumu ya shilingi 5,000, inayouzwa pale pale Kakola, mji wa jirani na mgodi, kwenye meza za vyombo, ingerudisha fedha yake katika siku kumi tu. Maana yake zile elfu themanini na tano za juu hazinunui uokoaji wowote; zinanunua ubaridi, uimara na urembo. Halafu mdogo wangu hakuwa mnunuzi wa maji ya dukani tangu mwanzo, kwa sababu maji ya kunywa kazini wanapewa. Na mama, anayenunua maji ya chupa pale tu anapokwenda kumtazama mgonjwa hospitalini, hakuna chupa duniani itakayomwokolea hata senti. Hesabu yangu yote ilikuwa imemhusu mtu wa mjini ambaye hayupo kwenye familia yetu.

Tena hata hizi chupa zinazoitwa za kutumika mara moja, sijui aliyezipa sifa hiyo kama aliwahi kufika stendi ya Kakola. Chupa ya lita moja na nusu ikishanywewa maji yake ndiyo kwanza inaanza kazi. Utaikuta mezani kando ya barabara imejaa petroli ya bodaboda. Utaikuta na asali iliyotoka upande wa Tabora, na mafuta ya alizeti kutoka Singida, na maziwa, na karanga za kukaanga, na mizizi ya dawa iliyolowekwa. Shuleni kwangu asubuhi chupa zinapangwa chini ya ukuta wa darasa, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa wino mzito, nyingine bado zina karatasi za Kilimanjaro au Uhai, maji ambayo huenda mwenye chupa hajawahi kuyaonja. Zinasafishwa kwa mchanga na vijiwe, zinatikiswa, zinasuuzwa, zinajazwa tena. Ninaposikia watu wa mbali wakifundishwa kwa matangazo ya gharama kubwa kwamba wajifunze kutumia chupa zaidi ya mara moja, namkumbuka yule mtoto wa darasa la tatu ambaye chupa yake imerithiwa kutoka kwa kaka yake.

Nisipake rangi umaskini, hata hivyo. Kuna upande wa jambo hili unaonitisha. Kwetu ni nchi ya pamba, na dawa ya kupulizia pamba nayo hugawanywa kwenye chupa hizo hizo, na chupa ikishamaliza dawa haina alama ya kusema ilibeba nini. Petroli angalau huacha harufu. Hapo ndipo nilipoona sifa ya kwanza ya chupa ya mdogo wangu ambayo hata muuzaji hakuitaja: hakuna mkulima atakayetia dawa ya pamba kwenye chupa ya elfu tisini.

Kuhusu taka sina la kujivunia pia. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na wengi tulidhani ingechukua miaka mingi watu kuzoea. Ikachukua siku chache. Chupa hazikuguswa. Wapo wanaoziokota na kuziuza kwa kilo, na kazi yao ni ya maana kuliko wanavyolipwa. Lakini nyingine huishia kwenye moto wa jioni nyuma ya nyumba, moshi mweusi, watoto wamesimama pembeni. Chupa moja ya chuma ingezuia ngapi kati ya hizo? Kwa mnywaji wa maji ya dukani, mamia. Kwa mama yangu, hakuna hata moja. Nimechoka kidogo na mahubiri ya mazingira yanayomtaka asiyechafua alipe bei ya anayechafua.

Nirudi kwenye ubaridi, maana ndio mdogo wangu alioulipia. Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba chupa ile haipozi kitu. Inatunza tu. Ukitia maji ya moto, yatabaki ya moto. Ukitia ya baridi, yatabaki ya baridi. Asili yake ni chombo alichobuni mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, mwaka 1892, alipohitaji pa kuhifadhia gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika. Alitengeneza kuta mbili na kunyonya hewa iliyo kati yake, ili joto likose cha kupitia. Mwaka 1904 Wajerumani wakaifanya bidhaa ya nyumbani, na mwaka 1913 Mmarekani William Stanley akatengeneza ya chuma mahali pa ile ya kioo. Ndiyo chupa ya chai hiyo hiyo, ile yenye maua ubavuni ambayo haikosekani kwenye sebule ya Msukuma hata kama kochi halipo. Kwa hiyo tulikuwa na elimu hii nyumbani miaka yote, kwa bei ya chini sana, isipokuwa kwamba ya kioo ikidondoka mara moja unafagia.

Mtungi wa mama unafanya kisichowezwa na chupa yoyote ya chuma: unapoza. Umekaa kwenye pembe ya jiko, juu ya mchanga, na udongo wake una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji yanapenya kidogo kidogo mpaka nje, upepo unayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Mwezi wa nane na wa tisa, upepo wa Shinyanga unapokuwa mkavu wa kupasua midomo, maji ya mtungini yanauma meno. Mvua zikianza na hewa ikawa na unyevunyevu, mtungi unapunguza kazi, na mama huulaumu kwa uvivu. Hautaki umeme wala barafu. Chupa ya mdogo wangu inataka mtu mwingine ayapoze maji kwanza.

Lakini mtungi haushuki kilomita moja ardhini, haufungwi kiunoni, na kata yake inaingizwa na kila mkono unaopita. Nimeandika sifa zake kwa mapenzi, kisha nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiugua matumbo utotoni.

Kuna siku mama aliitumia ile chupa nyeusi kumpelekea jirani mgonjwa uji wa ulezi. Uji ulifika wa moto, jirani alishukuru, na chupa ikarudi na harufu ya ulezi ambayo mdogo wangu alidai aliinywa kwenye maji yake kwa wiki nzima. Tulipoichunguza tukakuta kosa halikuwa la chuma bali la mpira mdogo unaozunguka ndani ya mfuniko. Ulikuwa umeshika uji, na chini yake ukungu mweusi. Tuliutoa kwa sindano, tukauosha. Nikauliza madukani Kahama kama mpira wa namna ile unauzwa peke yake ukipotea. Kila niliyemuuliza alinionyesha chupa nyingine nzima. Sasa, kitu kinachosemwa kitadumu maisha yote, ambacho maisha yake yanategemea kipande cha mpira kisichopatikana, kinadumu kweli? Mdogo wangu alisema nina tabia ya kutafuta kasoro. Inawezekana.

Swali la mama lilinirudia kwa njia ambayo sidhani yeye mwenyewe aliikusudia. Maji yake yako wapi? Yaani haya maji ya kutia humo, yanatoka wapi?

Mgodi ulijengewa bomba lake kutoka Smith Sound, mkono wa Ziwa Victoria ulio upande wetu, kilomita zaidi ya arobaini. Sisi wengine tuna historia ndefu zaidi. Mji wa Shinyanga ulizoea kunywa kwa wasiwasi kutoka bwawa la Ning'hwa, na Kahama ilikuwa na visima na subira. Maji ya ziwa yalikuwapo, karibu kwa macho, lakini mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana mkataba kuhusu maji ya Mto Nile uliotaka kazi yoyote ya kupunguza maji hayo, hata huku kwenye maziwa yanayoulisha mto, isifanywe bila Misri kukubali. Sisi hatukuwa mezani. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitamka kwamba nchi haifungwi na makubaliano hayo. Ilichukua miaka zaidi ya arobaini tamko lile kugeuka kuwa bomba: mwaka 2009 ulizinduliwa mradi unaovuta maji Ihelele, wilayani Misungwi, kuyapandisha kilimani Mabale, na kuyaacha yateremke hadi Shinyanga na Kahama chini ya mamlaka tunayoiita KASHWASA. Baadaye ukaja mradi wa Mhangu hadi Ilogi, ambao mgodi na serikali waliuchangia, kuyasogeza maji hayo kwenye vijiji vya Msalala vinavyouzunguka mgodi.

Nikiyafikiria haya naona chupa ni sehemu ndogo kabisa ya gharama, ile ya mwisho. Kabla yake kuna pampu, mitambo ya kusafisha, matenki, mafundi wa zamu za usiku, na watu waliokataa mkataba. Mtu mwenye bomba linaloaminika jikoni kwake akinunua chupa nzuri amenunua mkia wa ng'ombe ambaye tayari ni wake. Asiye na bomba amenunua mkia.

Na wasio na bomba bado wapo, si mbali. Wapo wanaochota kwenye malambo wanayoshirikiana na ng'ombe, na wanaonunua kwa dumu kutoka kwa vijana wa baiskeli bila kuuliza limejazwa wapi. Chupa ya elfu tisini ukiitia maji ya lambo, inakupa maji ya lambo yaliyo baridi.

Hapa plastiki inayodharauliwa ilinishangaza. Chupa nyeupe inayopenyeza mwanga, ya maji ya dukani, iliyo safi na isiyokwaruzwa sana, ukiijaza maji yasiyo na tope na kuilaza juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita, mionzi ya jua inaua vijidudu vingi vya kuharisha. Siku ya mawingu unaiacha siku mbili. Njia hii ilifanyiwa utafiti kwa miaka mingi na taasisi ya Eawag ya Uswisi, na Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa miongoni mwa njia za kutibu maji nyumbani. Chupa ya chuma haiwezi hilo, jua haliingii. Nilipowaeleza wanafunzi wangu, mmoja aliuliza kama plastiki haitatoa sumu kwa jua. Nilimjibu kwamba waliopima chupa za aina hiyo hawakukuta kiwango cha kutisha, nikaona uso wake haujaridhika, na sikumlaumu. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba lita moja ya maji ya chupa waliyoyapima ilikuwa na wastani wa vipande 240,000 vya plastiki vidogo mno visivyoonekana. Madhara yake mwilini bado yanachunguzwa. Kuhara tunayajua madhara yake.

Yapo pia ambayo jua halitibu, wala kuchemsha, wala chuma kinachong'aa. Baadhi ya visima vya mkoa wa Shinyanga vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na wanaokulia kwenye visima vinavyopita hapo utawajua kwa madoa ya kahawia kwenye meno. Ukichemsha maji ya namna hiyo, mvuke unaondoka na floraidi inabaki. Na huku kwenye makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu ya wachimbaji wadogo kuna zebaki, inayokamata dhahabu na kisha kuchomwa, na inayobaki huelekea kule maji yanakoelekea. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Zebaki yenyewe bado inauzwa kwa vijiko. Mimi huwa nayapita maeneo hayo nikiwa na chupa yangu mkobani, na sijui niione chupa ile kuwa ni kinga au ni njia ya kujitenga na wenzangu.

Ndiyo, nami ninayo. Si ya elfu tisini; ya elfu ishirini na tano, haina jina la kampuni, rangi ya majani makavu. Nilijiambia nainunua kwa utafiti. Siku ya kwanza kuiweka kwenye meza ya ofisi ya walimu niliona macho ya wenzangu, na nikaona pia, kwa aibu kidogo, kwamba nilikuwa nayasubiri macho hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kule Marekani watu walipanga foleni za alfajiri kugombea vikombe vya chuma vya Stanley, kampuni yenye jina la yule yule wa 1913, kimoja kikiuzwa dola 45, na wengine walikusanya kila rangi. Niliwacheka nilipoziona picha. Chombo kilichobuniwa mtu awe na kimoja tu, watu wanacho rafu nzima! Lakini foleni yao na macho ya ofisini kwetu ni ndugu.

Hata hivyo kuna jambo. Tangu niipate nakunywa maji zaidi. Kama ni majivuno yanayoninywesha, je, niyakatae? Sijapata jibu. Nilichopata ni swali jingine nililokuwa nikilikwepa: kwa nini sikuwa nakunywa zamani? Chupa zilikuwapo, maji yalikuwapo. Ukweli ni kwamba sisi walimu wa kike, na mabinti tunaowafundisha, tulijizoesha kukaa na kiu kutwa kwa sababu ya vyoo. Vilikuwa vichache, milango yake haifungi, na mapumziko ni mafupi. Mtu hanywi maji asipojua atakwenda wapi baadaye. Hakuna tangazo la chupa nililowahi kuona likitaja choo, na mimi nilihitaji kutumia elfu ishirini na tano ili nilione hilo. Mwaka jana kamati ya shule ilipokaa kupanga matumizi, mzazi mmoja alipendekeza tuwanunulie wanafunzi wa darasa la saba chupa nzuri kama zawadi ya mahafali. Nilinyoosha mkono nikaomba komeo za milango. Tulipata komeo. Sikupigiwa makofi, na baadhi ya wanafunzi walininunia.

Mdogo wangu tulipozungumza tena, hakutetea chupa kwa joto la shimoni. Alizungumzia mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka ule serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini kutoka migodini, kusafirishwa nje ya nchi, na kabla ya mwaka kwisha kazi za chini ya ardhi Bulyanhulu zilisimamishwa. Hazikurudi mpaka mwishoni mwa 2020. Yeye alikuwa ameshaanza kazi. Kakola ilipungua sauti. Vyumba vya kupanga vilibaki na makufuli, majokofu yaliuzwa kwa bei ya kutupa, na waliozoea kununua maji kwa katoni walirudi kwenye sufuria na mkaa. "Nilikuwa nakula mshahara wote, dada," alisema. "Maji, soda, chipsi. Kazi iliposimama sikuwa na kitu cha kushika mkononi kuonyesha nilifanya kazi." Aliporudishwa kazini aliamua kwamba kila anachonunua kiwe kizito, kidumu. Chupa ni mojawapo. Nyingine ni matofali, ambayo mama anayahesabu kila Jumapili na hajawahi kuyauliza maji yake yako wapi.

Sikumjibu kitu. Hesabu yangu ya siku 26 haikuwa na nafasi ya jambo hilo, na hata sasa sijui ningeliweka upande gani.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema hivi, nikijua mwakani naweza kusema vingine. Kwa mtu anayeshuka shimoni, au dereva wa lori la masafa, au anayekaa juani kutwa na ana pa kuchota maji safi na baridi, chupa ya chuma inafaa, na ile ya elfu ishirini na tano inafanya kazi ambayo sijaona ya elfu tisini ikiipita kwa mbali. Auangalie mpira wa mfuniko kabla hajaangalia rangi. Kwa mwanafunzi, chupa safi ya dukani inatosha mradi ijulikane ilibeba nini na ibadilishwe ikianza kukwaruzika. Na kama unazo elfu tisini mkononi na nyumbani maji ni ya kubahatisha, nunua kwanza ndoo mbili zenye mfuniko na koki, dawa ya kutibu maji, na gunia la mkaa wa kuchemshia. Chupa utainunua kwa chenji.